Sijambo, Ila

Wifi yangu ni fundi rangi, na kama hujawahi kufanya kazi na fundi rangi anayejua kazi yake, basi hujui maana ya kusubiri. Unamwita leo ukitarajia kesho ukuta uwe unang'aa. Yeye anakuja na msasa, anasugua, anapangusa vumbi, anaziba nyufa, anasubiri zikauke, halafu anasugua tena. Mwenye nyumba akianza kunung'unika anamwambia, "Mzee, kupaka ni sherehe. Kazi ndiyo hii." Mafundi wenzake walimpa jina la Msasa, na jina likamkaa kwa sababu hata ulimi wake uko hivyo hivyo. Ukuta wako ukiwa na unyevu atakwambia una unyevu, hata kama wewe ni bosi na umesimama na wageni wako.

Mimi na yeye ni mawifi wa kweli, siyo wa kuigiza. Kaka yangu ni seremala, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni. Siku alipomleta nyumbani mwanamke aliyevaa suruali yenye madoa ya rangi, nilisema langu, naye akasema lake, na tangu hapo hatujapumzika. Ananiita Redio. Mimi namwita Wifi tu, lakini kwa jinsi ninavyolivuta neno hilo, ujumbe unafika.

Sasa huyu mwanamke asiyeogopa mtu ana ugonjwa mmoja. Ukimuuliza hali yake, hawezi kusema ni mbaya. Aliwahi kuteleza kwenye ngazi akipaka dari ya duka, akaanguka, na ndoo ya rangi ikamfuata. Mwenye duka akaja mbio, "Fundi, hujambo?" Wifi amelala chali, mkono umepinda, anajibu, "Sijambo, mzee. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Mzee akajibu kwamba hawajambo. Ndipo Wifi akasema, "Ila mkono naona umevunjika."

Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa sote. Salamu kwanza, shida baadaye. Hata anayeleta habari ya msiba hupiga hodi, akaulizwa habari, akasema nzuri, akapewa kiti, ndipo akatoa ila yake. Ni adabu njema, siipingi. Lakini inataka mtu anayesubiri mpaka uifikie hiyo ila.

Siku ya kujifungua mimba yake ya kwanza hakupata mtu wa kusubiri. Alikuwa kwenye benchi la wodi ya wazazi, uchungu unakuja na kuondoka, na mtoto aliyekuwa akimpiga mateke mchana kutwa akatulia. Wifi alihisi kule kutulia na akataka kusema. Muuguzi akapita, "Hujambo, mama?" "Sijambo," akajibu, akavuta pumzi aseme ila, muuguzi kashafika kwa mwingine. Akapita wa pili. "Habari yako, mama?" "Nzuri..." Naye huyo akapotea. Wodi ilikuwa imefurika, wahudumu wachache, na kwenye mafuriko ya namna hiyo anayesema nzuri huachwa, anakimbiliwa anayepiga kelele. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo. Walipokuja kumpima, walimwambia mtoto amechoka. Hilo ndilo neno walilotumia, amechoka, kama mtu ambaye angelala kidogo kisha aamke. Hakuamka.

Baada ya hapo nyumba yetu ilifunga mdomo. Mama yangu alisema yaliyopita si ndwele, kaka yangu akaongeza saa za kazi, na Wifi akarudi kwenye kuta zake. Hakuna aliyelitaja jambo lile mezani, wala uani, wala popote.

Mimba ya pili ilipoingia, mkunga wa kliniki alimkalisha chini akamwambia aandae mpango wa kujifungua. Si maneno makubwa. Utajifungulia wapi, nani atakupeleka, kwa gari la nani, nani atakaa na wewe, nani atatoa damu ikihitajika, na mtoto atavikwa nini. Wifi alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayemwonyesha vyumba. Kisha akaanza kazi.

Alichagua hospitali yenye chumba cha upasuaji, siyo zahanati ya jirani ambako kila mtu anamjua na kumpa kiti. Aliongea na jirani mwenye gari, akamlisha kiapo kwamba gari halitakaukiwa mafuta. Alipata mafundi wawili wa kumtolea damu. Mmoja wao, jitu la miraba minne, anaogopa sindano kama mtoto, na Wifi alimpeleka mwenyewe kupimwa kundi la damu huku amemshika mkono. Rangi za mafuta akaziacha kwa sababu ya harufu, ngazi akamwachia msaidizi wake, akawa anapaka sehemu za chini tu, ameketi kwenye kigoda, tumbo mbele, anatoa amri.

Begi la hospitali alilipanga mapema mno, akaliweka mlangoni. Kaka yangu akawa analirudisha chumbani. Alikuwa na hofu ya watu wapole, ile isiyosemwa. Kwake yeye kujiandaa ilikuwa kama kumwita jini. Akilirudisha, Wifi analitoa. Hawakugombana, walikuwa wanalihamisha tu, mpaka siku moja Wifi akamwambia, "Baba, mara ya kwanza nilisubiri bila kujiandaa. Unakumbuka tulichopata." Kaka akaliacha begi pale pale, akatoka nje, na nilimkuta nyuma ya karakana akilia kimya kimya. Nilimpapasa mgongo, nikampa kanga yangu apanguse machozi.

Mimi nauza vyombo vya plastiki, ndoo, mabeseni, majagi. Wifi alinijia pale, akasimama katikati ya mabeseni na tumbo lake, wateja wakawa wanamzunguka.

"Wifi," akasema, "nataka uende na mimi leba."

Nilidhani ni utani. "Dada yako yupo."

"Dada yangu mpole. Tukienda wapole wawili tutakufa kwa adabu."

"Ahaa. Kwa hiyo umenifuata kwa sababu ya mdomo."

"Nimekufuata unifundishe. Siyo unisemee."

"Nikikusemea kuna ubaya gani? Si ndiyo kazi ya Redio?"

"Wakikutoa nje, nitabaki na mdomo wa nani?"

Nilishika jagi nikaanza kulifuta, na halikuwa na vumbi. Alikuwa amefikiri mpaka mwisho, kama anavyokisia rangi ya chumba kizima kabla hajafungua kopo. Akaniambia mpango wake wote anaumudu isipokuwa kipande kimoja. Akiulizwa hujambo, mdomo unajibu sijambo kabla kichwa hakijapata habari. Na hicho kipande kikishindikana, vingine vyote ni bure.

Tukaanza mazoezi. Jioni kaka yangu anavaa aproni ya karakana, anageuka kuwa muuguzi. Anapita mbele ya kiti cha mkewe na kusema kwa sauti ya kubembeleza, "Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Rudia!" nasema mimi.

"Habari yako, mama?"

"Nzu... Mungu wangu!"

"Wifi, wewe unamwambia mwenye ghorofa kwamba ukuta wake umeoza, unashindwa kumwambia muuguzi kwamba hali yako mbaya?"

"Ukuta siyo mimi," akasema.

Tulikubaliana kwamba atajibu "mbaya". Neno lipo, ni fupi, halina gharama. Nikamwambia akalifanyie mazoezi kwa watu wa nje, kwa sababu kwa ndugu ni rahisi. Kesho yake akaenda dukani kununua sabuni. Mwenye duka, mtu mwema mwenye maneno mengi, akamwamkia, "Fundi! Habari za asubuhi?" Wifi akajikaza, akafumba macho, akasema, "Mbaya." Alichukua sabuni yake akaondoka ameinua kichwa, furaha tele. Hakugeuka nyuma. Angegeuka angemwona mwenye duka amepigwa na butwaa, kitambaa cha kufutia kaunta kimemwanguka.

Kabla ya mchana ukumbi wetu ulikuwa umejaa wanawake. Wamejitanda mitandio, nyuso zimeinama, wengine wanaanza kukaa chini sakafuni. Jirani mwenye gari alikuja na gari. Mmoja akamkumbatia mama yangu na kumwambia "pole, Mungu ametoa," mama yangu akaanza kulia bila kujua analilia nini. Mimi niliitwa kutoka sokoni kwamba kuna msiba nyumbani, nikakimbia na ndoo mkononi. Tulipowaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni mazoezi tu ya kujifungua, walituangalia kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Chai walikunywa hata hivyo.

Wageni walipotawanyika, mama yangu alilipuka. Mama yangu ni mfupi, akikasirika anasimama kwenye ngazi ya mlangoni apate urefu.

"Mdomo huumba!" akasema. "Mwanamke ana mimba, anatembea mtaani akitangaza mbaya, mbaya! Mnataka nini nyinyi? Mnamwita nani?"

"Mama," Wifi akasema, "nikiulizwa hujambo nisemeje?"

"Useme sijambo kama watu!"

"Na kama nina jambo?"

"Kama unalo, si useme unalo! Hujambo maana yake unaulizwa kama huna jambo. Kama unalo, sema nina jambo. Kwani nani amekushona mdomo? Mpaka umtie mwenye duka presha?"

Akaendelea kufoka, lakini sisi wawili tulikuwa tumeshaacha kumsikiliza. Wifi alikuwa ananitazama. "Nina jambo," akasema taratibu, kama anayeonja chumvi. Halikuwa kufuru wala msiba. Halikumtukana aliyeuliza. Na ukishamwambia mtu kwamba una jambo, hawezi kwenda zake bila kuuliza ni jambo gani, la sivyo atakuwa yeye ndiye asiye na adabu. Maisha yangu yote natamka hujambo na sijambo na sikuwahi kulifungua neno lenyewe nikatazama ndani. Nilimkumbatia mama yangu, naye akanisukuma, bado ana hasira.

Basi mtaa mzima ukalisikia neno hilo. Muuza mkate, "Hujambo, fundi?" "Nina jambo, nipe mikate miwili." Jirani wa juu, "Hamjambo?" "Tuna jambo, watoto wako wapunguze mpira ukutani." Wengine walicheka, wengine wakasema mimba zinaleta mambo. Yeye hakujali. Alikuwa analisugua neno mdomoni mpaka lilainike, akishazoea analisugua tena.

Uchungu ulimshika asubuhi, akiwa amesimama jikoni. Hakupiga kelele, wala sikutarajia apige. Alinipigia simu, akampigia jirani, na gari likaja naye sokoni kunichukua kabla sijamaliza kufunika mabeseni yangu. Kaka yangu alikuwa ameenda kufunga milango kwenye nyumba ya mteja, tukamwachia ujumbe. Njiani Wifi alitania barabara nzima. Alimwambia jirani anaendesha kama anabeba mayai, wakati yeye amebeba yai moja tu. Kisha tulipokaribia hospitali, akaacha utani, akaweka viganja viwili tumboni, na hakuvitoa.

Tukaingia mapokezi. Muuguzi alikuwa ameinama anaandika, foleni ndefu, simu inalia. Bila kuinua kichwa akasema kwa upole kabisa, "Karibuni. Habari zenu?"

Nami, mwalimu, bingwa, Redio mwenyewe, nikajibu, "Nzuri tu, sijui nyinyi!"

"Nasi wazima. Kaeni hapo kwenye benchi, mtaitwa."

Tukaenda kukaa. Naapa, nilikaa, nikaweka begi miguuni, nikaanza kutafuta leso nimfute jasho. Ndipo nikamwona Wifi ananitazama, na nikaelewa nilichosema. Nilitaka kuinuka nipige kelele, naye akanibana bega nikabaki pale pale. Alilitumia bega langu kusimama. Akatembea mpaka kwenye kaunta, akaishika kwa mikono miwili, uchungu ukamjia akasubiri upite.

"Dada," akasema, "samahani. Wifi yangu amekudanganya. Mimi nina jambo."

Kalamu ikasimama. Muuguzi akainua kichwa, akamtazama usoni. "Jambo gani, mama?"

"Uchungu umenianza asubuhi. Lakini jambo lenyewe siyo uchungu. Mtoto huwa anacheza, na sasa hivi hachezi. Nimemshika tangu njiani, hachezi. Niliwahi kukaa kwenye benchi hivi hivi nikampoteza mwingine. Benchini sirudi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Muuguzi yule, Mungu ambariki, hakusema tulia mama wala hakusema subiri. Alizunguka kaunta, akamshika kiuno, akaita mwenzake alete kitanda cha magurudumu. Nikawafuata na begi. Mkunga aliyetupokea ndani alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. Aliweka kifaa tumboni akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Nilikuwa namtazama uso, na uso wake ulibadilika.

"Mapigo yapo, lakini yanashuka," akamwambia Wifi, siyo mimi. "Namwita daktari sasa hivi, na naona tutakupeleka upasuaji. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa. Damu yangu ipo, watu wawili, namba zao anazo huyu."

"Vizuri sana. Twende."

Mlangoni walinizuia, kama alivyosema tangu siku ile ya mabeseni. Nikabaki nje na begi. Niliwapigia wale mafundi, na lile jitu la miraba minne likafika la kwanza, limeshakunja mkono wa shati. Kaka yangu akaja akikimbia, nywele zimejaa vumbi la mbao. "Habari?" akaniuliza. Nilishindwa kusema nzuri. Nikamwambia, "Yuko ndani. Sijui, kaka yangu. Sijui." Akakaa sakafuni pale pale, nami nikakaa naye.

Tuliisikia sauti kupitia milango miwili. Ilianza kama mtu anayekohoa, ikasimama, nami nikasimama nayo. Kisha ikaja yote kwa mpigo, kali, ya hasira, haina salamu wala samahani. Kaka yangu alinishika mkono mpaka mifupa ikalia. Mkunga alipotoka kutuambia ni msichana, na mama yake ni mzima, hatukumjibu, tulikuwa tunapiga kelele tu kama wendawazimu, mpaka akatukumbusha kwamba kuna wagonjwa.

Kesho yake mchana tulikuwa wodini wote. Wifi ameegemea mito, mtoto kifuani, kaka yangu anatazama vidole vya mwanawe kama anayehesabu misumari. Mama yangu alikuwa anakunja blanketi, analikunjua, analikunja tena. Mwanamke wa kitanda cha pili, msichana mchangamfu aliyejifungua usiku, akatugeukia.

"Hongera, shoga. Kifungua mimba, eeh? Kama mimi?"

Mama yangu akawahi kufungua mdomo, na nilijua anataka kusema ndiyo, mambo yaishe kwa amani. Wifi alimtangulia.

"Hapana," akasema. "Huyu ni wa pili. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Alifariki siku aliyozaliwa."

Msichana akasema pole, pole sana, akamvuta mtoto wake karibu. Kaka yangu hakuinua macho kutoka kwenye vile vidole, lakini mkono wake mwingine ulikwenda ukamshika mkewe mguu juu ya shuka. Mimi nilikuwa nasubiri mama yangu akasirike. Alikuwa amesimama, blanketi limemning'inia mkononi, anamtazama mkwe wake muda mrefu.

"Alifanana na nani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuijua. "Mimi hawakuniacha nimwone."

Wifi akamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Na wewe, mama," akasema. "Paji la uso lilikuwa lako kabisa."

Mama yangu akaweka blanketi chini, akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi.